Kiranja mlangoni mwa kapela: kulea uongozi na imani katika shule ya Kikatoliki

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nafundisha katika sekondari ya bweni ya jimbo, kidato cha kwanza hadi cha nne, wavulana na wasichana, wanafunzi 480 hivi. Karibu theluthi moja si Wakatoliki. Nilikuwa mlezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, na sasa nimekabidhiwa viranja pia. Viranja wetu wanaogopwa kuliko walimu. Dominika wanasimama mlangoni mwa kapela kuandika waliochelewa Misa, na usiku wanatoa adhabu bwenini. TYCS ina daftari lililojaa majina, lakini mkutano ukiitishwa wanakuja ishirini. Mkuu wa shule, ambaye ni padre, ameniagiza nimpelekee mpango wa kulea uongozi na imani kwa pamoja. Nianzie wapi?

JIBU: Milele na milele amina, Mwalimu. Anzia hapo hapo mlangoni mwa kapela. Kabla ya semina, kabla ya uchaguzi, kabla ya kununua beji, mwondoe yule kiranja mwenye daftari. Anachofanya pale kinaharibu vitu viwili kwa mpigo: mdogo anajifunza kwamba Misa ni mahali pa kukamatwa, na mkubwa anajifunza kwamba kuongoza ni kushika kalamu inayotisha wenzake. Ukiacha hali hiyo iendelee, mafundisho yote utakayoyatoa darasani yatapingwa kila Dominika asubuhi na kile wanachokiona kwa macho.

Sheria ya Kanisa yenyewe iko upande wako. Kanuni ya 748 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inakataza kumshurutisha mtu yeyote aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Kuweka Misa kwenye ratiba ya shule ni jambo jingine. Shule ya jimbo ina haki ya kufanya hivyo, na mzazi anapaswa kuambiwa siku ya kuandikisha mtoto, kwa maandishi, nini kinahudhuriwa na wote na nini ni hiari. Ila uchelewaji ni suala la nidhamu ya ratiba, sawa na kuchelewa kipindi cha hesabu. Mwalimu wa zamu alishughulikie baada ya Misa, mbali na kapela, bila orodha kusomwa mbele ya altare.

Viranja wale wale waliokuwa wakiandika majina wapewe kazi nyingine mlangoni: wawili wagawe vitabu vya nyimbo, mmoja awaonyeshe kidato cha kwanza pa kukaa, mmoja amtafutie kiti anayetembea kwa magongo au anayeumwa. Wabaki pale pale mlangoni, maana wenzao wanahitaji kuwaona wakifanya kazi ya namna nyingine.

Tangazo hili alitoe mkuu wa shule mwenyewe mstarini. Ukilitoa wewe, viranja watakuona umewavua nguo mbele ya watu. Na siku hiyo hiyo atangaze la pili: kiranja hatoi adhabu. Hapigi, hapigishi magoti, hamtumi mdogo kumfulia, hamnyimi mtu chakula wala usingizi. Kanuni za nchi kuhusu viboko shuleni zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi. Mwanafunzi hana nafasi yoyote humo. Kiranja akiona kosa, anaandika tukio: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitokea. Karatasi inakwenda kwa mwalimu wa zamu, na kazi yake inaishia hapo.

Hapa ndipo shule nyingi zinapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wiki mbili tatu za kwanza kelele zitaongezeka mabwenini. Walimu wataanza kusema mmewadekeza watoto, na mwezi haujaisha viranja watarudishiwa fimbo kimyakimya. Sababu ni kwamba walimu walikuwa wamewaachia wanafunzi kazi ya usiku. Hofu ya viranja ilikuwa imeziba pengo la mtu mzima. Ukiondoa hofu bila kuleta mtu mzima, pengo linabaki wazi. Basi kwanza mpange zamu: kuanzia kujisomea kwa usiku kunapokwisha hadi taa zinapozimwa, na nusu saa baada ya hapo, awepo matroni upande wa wasichana na patroni upande wa wavulana, na mwalimu wa zamu akizungukia yadi. Wasikae ofisini, watembee. Kama shule haiwezi kutoa watu hao kwa sasa, usitangaze bado. Mweleze mkuu waziwazi kwamba tatizo la kwanza ni hilo, na mlitatue kabla ya yote.

Kazi inayoonekana

Kiranja asiye na fimbo atauliza: sasa mimi ni nani? Swali hilo linastahili jibu la maandishi, nusu ukurasa kwa kila nafasi, lenye mambo matatu: anafanya nini, haruhusiwi kufanya nini, anaripoti kwa nani. Kazi ziwe za kweli, zenye kitu cha kushika. Kiranja wa chakula awepo stoo asubuhi unga na maharage vinapopimwa, asaini daftari la kutolea pamoja na mtunza stoo, kisha asimamie foleni ili kidato cha kwanza wasile makombo. Kiranja wa afya ajue nani amelala bila kula, amsindikize mgonjwa zahanati, na asubuhi ampe matroni majina. Kiranja wa taaluma apange vikundi vya masomo kwa kuangalia nani anaweza kumsaidia nani. Kiranja wa mazingira ahesabu mabomba yanayotoa maji na aliyoyaripoti kuwa mabovu.

Kwa wanafunzi 480, viranja 28 wanatosha: kaka mkuu na dada mkuu, wasaidizi wao wawili, wawili wawili katika idara nane, na wanane wa mabweni. Shule zenye viranja hamsini au zaidi mara nyingi zimegeuza cheo kuwa zawadi, na mwenye zawadi hutafuta marupurupu. Punguza marupurupu yabaki yale tu ambayo kazi inayadai. Kiranja wa chakula anakula mwisho, kwa hiyo awekewe chakula chake. Hilo ni halali. Chumba cha peke yake, kusamehewa usafi, kuoga kwanza, hayo yaondoke. Kiranja wa bweni alale katikati ya wenzake.

Kisha liwepo baraza la wanafunzi mara moja kwa mwezi, kila darasa likituma wajumbe wawili, mkuu wa shule akiwepo mwenyewe. Kila darasa linaleta hoja moja. Ndani ya siku saba majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo: ndiyo, hapana, au bado, na sababu yake. Jibu la hapana lenye sababu linakubalika kuliko ukimya. Baraza ambalo hoja zake hazirudi na majibu hufa baada ya vikao viwili, na wanafunzi wanajifunza kwamba njia pekee ya kusikika ni mgomo.

Uchaguzi ufanyike mwanzoni mwa muhula wa pili, Julai mwishoni au Agosti, ili kidato cha tatu wapokee uongozi na kidato cha nne wabaki na mtihani wao wa taifa. Vigezo vya kuchuja vibandikwe kabla fomu hazijatolewa: tabia, taaluma ya wastani, na muda wa kuwa shuleni. Walimu wachuje kabla ya kampeni, wakimweleza kila aliyeachwa sababu yake ana kwa ana. Kosa linaloua imani ya wanafunzi katika jambo zima ni walimu kufuta jina la mshindi baada ya kura kuhesabiwa. Kama hamuwezi kumkubali mtu, mwondoeni kabla. Kampeni iwe siku mbili, bila biskuti wala soda. Kura ya siri, ihesabiwe mbele ya wote. Halafu mwezi mzima kiranja mpya amfuate wa zamani kazini, na makabidhiano yafanyike mwishoni mwa Septemba kwa daftari la idara, ufunguo na orodha ya vitu.

Je, asiye Mkatoliki agombee? Naam, agombee, hata nafasi ya kaka mkuu au dada mkuu, mradi anaheshimu utume wa shule na yuko tayari kusimama kwa adabu wakati wa sala. Nafasi ya liturujia pekee ndiyo imlazimu Mkatoliki. Theluthi ya wanafunzi wako ikijua kwamba milango ya uongozi imefungwa kwao, utapata watoto wanaojidai Wakatoliki kwa ajili ya beji, na hilo ni dhara kwao na kwa Kanisa.

Ishirini wanaokuja

Lifunge lile daftari la TYCS lililojaa majina. Hao ishirini wanaokuja ndio chama, na ni wengi wa kutosha.

Njia ya TYCS ni ona, amua, tenda. Ilitoka kwa padre Mbelgiji Joseph Cardijn, aliyeanzisha harakati za vijana wafanyakazi Wakatoliki mwaka 1925 na kufanywa kardinali mwaka 1965. Papa Yohane wa XXIII aliiingiza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961 kama namna ya kutekeleza mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. Cardijn alikuwa na vijana wa viwandani, na jambo alilolishika sana ni kwamba kijana ndiye mtume kwa kijana mwenzake. Wanafunzi wetu wengi wanayakariri maneno hayo matatu bila kuwahi kuyatumia, kwa sababu mkutano umegeuka kuwa kipindi cha pili cha dini: mlezi anahubiri, wao wanaandika, wimbo, kwaheri.

Wagawe ishirini hao katika vikundi viwili vya kumi kumi, kila kikundi kiwe cha watu wanaoishi karibu, bweni moja au darasa moja, ili wanachokiona kiwe kimoja. Kila kikundi kichague kiongozi na katibu. Wewe usiongoze mkutano. Kazi yako ifanyike siku mbili kabla: kaa na viongozi hao dakika 40, ufanye nao mkutano mzima kama zoezi, kisha uwaache wakaufanye na wenzao. Mkutano wenyewe usizidi saa moja.

Chukua mfano. Mwanafunzi analeta hoja kwamba kidato cha kwanza wanaingia darasani bila kuoga. Kiongozi asikubali maoni kwanza. Wanachama wawili wapewe asubuhi tatu za kuangalia na kuhesabu: mabomba mangapi yanatoa maji, nani anafika saa ngapi, nani anatumwa na nani. Huenda wakarudi na habari kwamba mabomba ni sita, mawili hayatoi, na anayeitwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, anajaza ndoo ya mkubwa kabla ya yake. Hapo ndipo wameona. Kuamua kunaanza na Injili, kwa mfano Marko 10:42-45, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake kuhusu wakuu wanaowatawala watu kwa nguvu, "haitakuwa hivyo kwenu". Maswali matatu yanatosha: nani anaumia? Kristo angesema nini hapa kwenye mabomba? Sisi wenyewe tunachangiaje? Swali la tatu ndilo gumu, maana baadhi ya walioketi hapo ndio wanaotuma njuka. Lipe muda, na kimya kikitokea usikijaze. Kutenda kuwe kitu kimoja, chenye jina la mtu na tarehe: wanachama wa kidato cha tatu watafika bombani saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na ndoo yake, wapange foleni nyuma ya wadogo kwa wiki moja. Katibu atampa kiranja wa mazingira taarifa ya mabomba mawili Jumatatu. Mkutano ujao unaanza kwa kuuliza: tulifanya?

Mambo yanayoharibika yanajulikana. Vikundi huruka kutoka malalamiko hadi kutenda bila kuhesabu chochote, kisha wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Au kuamua kunakuwa mahubiri ya kiongozi mwenye kipaji cha kusema. Au azimio linakuwa "tusali zaidi" ama "uongozi wa shule uangalie", yaani hakuna anayefanya kitu. Sala ni ya lazima na ina nafasi yake mwanzoni na mwishoni, ila isitumike kukwepa ndoo.

Jambo moja la mpangilio: mwenyekiti wa TYCS asiwe kaka mkuu wala dada mkuu kwa wakati mmoja. Vikundi vya TYCS vitakuwa na haja ya kusema kuhusu makosa ya viranja, na haviwezi kufanya hivyo kama kiongozi ni yule yule. Mara moja kwa muhula pande mbili zikae pamoja, ukiwepo, TYCS walete walichokiona.

Mafunzo ya viranja wapya yachukue siku mbili za mwisho wa juma. Wafundishe kuandika tukio bila matusi, kuendesha kikao cha dakika 30, kusema "sijui, nitauliza", na kumsikiliza anayelia. Katika kipindi cha imani, waeleze habari za Mtakatifu Karoli Lwanga kwa ukamilifu wake, maana watoto wengi wanajua tu kwamba alichomwa moto. Alikuwa msimamizi wa vijana wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, akichukua jukumu baada ya Yosefu Mukasa Balikuddembe kuuawa Novemba 1885. Aliwalinda vijana waliokuwa chini yake dhidi ya mfalme aliyetaka kuwatumia vibaya kimwili. Mwezi Mei 1886, walipojua kwamba hukumu imekaribia, aliwabatiza wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo) miongoni mwao, akiwemo Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na siku hiyo hiyo Waanglikana waliuawa pamoja nao. Papa Paulo wa VI aliwatangaza mashahidi Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waulize viranja: kiongozi huyu alitumia cheo chake kufanya nini? Kisha waache wajadili bila wewe kutoa jibu.

Kutoka hapo ingia moja kwa moja kwenye ulinzi wa watoto, kwa kuwa ndicho kisa kile kile. Mwanafunzi akimwambia kiranja kwamba ameguswa vibaya, na mtu yeyote yule, mwalimu, mkubwa wa bweni, mfanyakazi au mtumishi wa Kanisa, kiranja asiahidi kutunza siri, asichunguze, asimkutanishe na anayetuhumiwa. Ampeleke siku hiyo hiyo kwa mtu mzima aliyeteuliwa. Shule iwe na wawili, mwanamke na mwanamume, majina yao yabandikwe bwenini, pamoja na 116, namba ya simu ya bure ya huduma kwa mtoto nchini. Kuna viongozi wa shule wanaoogopa kubandika namba hiyo wakidhani itachafua jina la shule. Ibandike. Mtoto asiyejua pa kusemea ndiye anayedhurika kwa miaka.

Kapela bila daftari

Katika Misa, mpe mwanafunzi kazi anayoweza kuiandaa. Wasomaji wa Dominika wapewe somo Jumatatu, Jumatano walisome kwa sauti ndani ya kapela tupu, mtu mmoja akisikiliza kutoka benchi la mwisho. Kinachoharibika kwa kawaida ni majina magumu na pumzi fupi, na yote mawili yanatibika kwa mazoezi mawili. Maombi ya waamini waandike vikundi kwa zamu, wakifuata mpangilio wa Kanisa: mahitaji ya Kanisa, viongozi wa serikali na wokovu wa ulimwengu, wanaoteswa na shida mbalimbali, kisha jumuiya iliyopo. Yawe mafupi, sentensi moja moja. Mlezi ayapitie Ijumaa ili ombi lisije kuwa kijembe kwa mwalimu. Kwaya nayo isimeze sauti za wote. Angalau sehemu za Misa kama "Mtakatifu" na "Mwanakondoo" ziimbwe kwa nota ambazo kila mtu anazijua.

Wakati wa Komunyo, acha utaratibu wa benchi kutoka lote kwa pamoja chini ya usimamizi wa kiranja. Unamweka hadharani asiyekwenda, na mwenye dhambi ya mauti anakwenda kwa aibu tu. Wanaotaka watoke kwa uhuru, na asiwepo mtu yeyote, mwalimu au kiranja, anayehesabu nani amepokea. Hata ripoti ya TYCS kwa jimbo isijazwe kwa hesabu kama hizo kutoka bwenini.

Kitubio kina suala ambalo shule yako inapaswa kulitazama mapema, kwa kuwa mkuu wenu ni padre. Kanuni ya 985 inasema mkuu wa seminari au wa taasisi nyingine ya malezi asisikilize maungamo ya wanafunzi wake wanaoishi katika nyumba hiyo, isipokuwa wao wenyewe, kwa hiari yao, wamwombe katika nafasi fulani. Sababu inaeleweka: anayeamua nani asimamishwe shule asiwe yule ambaye mtoto analazimika kumwambia dhambi zake. Basi mkuu apange na paroko wa jirani au shirika la watawa waje mapadre wawili au watatu kila mwezi, na mara mbili katika Majilio na Kwaresima. Waketi mahali panapoonekana na wote ila pasiposikika, mchana au kwenye mwanga wa kutosha. Foleni isipangwe kwa madarasa na majina yasiandikwe. Mkuu wenu, nina hakika, atafurahi kuondolewa mzigo huo.

Kwa vikundi vya sala vya wiki, njia ya hatua saba inayotumika katika jumuiya ndogo ndogo inafaa shuleni bila kubadilisha kitu: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kimya, kushirikishana, kujadili wajibu, kusali kwa maneno yenu. Hatua ya nne, ya kimya, iwe dakika tatu kwa saa ya mkononi. Vijana wataicheka mara ya kwanza. Endelea nayo.

Mafungo ya Kwaresima nusu siku inatosha kuliko siku nzima ya hotuba: mada moja ya dakika 30, kimya cha dakika 40 nje chini ya miti kila mtu peke yake na maswali mawili kwenye karatasi, kitubio, Misa, chakula. Mada tatu mfululizo huwalaza.

Walio katika UKWATA na CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo wasio Wakatoliki, wapewe chumba na saa inayojulikana, na Waislamu nafasi ya sala zao pamoja na Ijumaa. Wote wasajiliwe kwa mlezi kama TYCS. Mwanafunzi akiomba kubatizwa, usikimbilie. Mzazi au mlezi wa nyumbani azungumze na padre kwanza, mafundisho ya ukatekumeni yafuate muda wake kamili hata kama yatavuka mwaka wa shule, na kwa mwenye miaka 14 na zaidi, kanuni ya 863 inataka jambo lifikishwe kwa Askofu wa jimbo ili akipenda ambatize mwenyewe. Ubatizo wa haraka kabla ya likizo huwaacha watoto wakirudi nyumbani na ugomvi wasioweza kuubeba.

Sadaka na michango ya TYCS ihesabiwe na wanafunzi wawili na mtu mzima mmoja, siku ile ile, kwenye daftari lenye saini tatu, na jumla isomwe kwenye mkutano unaofuata. Hata kama ni shilingi elfu nne. Kijana anayezoea kusoma hesabu mbele ya wenzake akiwa na miaka kumi na sita atakuwa mhasibu mzuri wa kigango baadaye.

Mpango utakaompelekea mkuu usizidi kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe ratiba ya matroni, patroni na walimu wa zamu za usiku, na tarehe ya tangazo la mstarini. Wa pili uwe kalenda: Januari kupokea kidato cha kwanza, viranja wakiwabebea masanduku hadi vitandani; Februari vikundi viwili vya TYCS kuanza; Kwaresima waungamishaji kutoka nje; Julai fomu na vigezo; Agosti kura na mafunzo; Septemba makabidhiano. Mwombe jambo moja tu kwa sasa, kwamba ndani ya wiki mbili akae nawe na matroni na patroni kupanga zamu hizo, kwa kuwa bila wao hakuna mstari mwingine wa mpango huu utakaoweza kutekelezwa.